Albamu ina upande mtamu na upande mchungu: tunaipa alama gani?

Kijana wa Kimara (mleta mada)

Wakuu, kwema? Jana nimebishana na rafiki yangu ndani ya mwendokasi kuanzia Kimara mpaka Kivukoni, tumesimama njia nzima, na tumeshuka hatujaelewana. Naleta kwenu.

Albamu yenyewe ni Tales from Topographic Oceans ya Yes, bendi ya roki ya progresivu kutoka Uingereza. Ilitoka mwishoni mwa 1973. Santuri mbili, pande nne, na kila upande una wimbo mmoja tu wa dakika ishirini hivi. Mwimbaji wao, Jon Anderson, alikuwa akisoma Autobiography of a Yogi ya Paramahansa Yogananda, akakuta tanbihi inayoeleza mafungu manne ya maandiko ya Kihindu. Tanbihi hiyo ndiyo ikawa pande nne. Watu wanasoma kitabu, yeye alisoma chini ya kitabu.

Sasa jamaa yangu kaupa upande wa kwanza 8, wa pili 4, wa tatu 5, wa nne 9. Kajumlisha, kagawanya, kapata sita na nusu. Eti imeisha hiyo. Mimi nasema wastani ni wa karatasi ya matokeo ya shule. Hakuna mtu aliyewahi kukaa akasikiliza wastani. Chukua upande wa nne, Ritual: gitaa la besi la Chris Squire linanguruma peke yake, kisha wenzake wanageukia ngoma, wanazipiga kama wanagombana, unakaribia kuzima simu. Halafu vurugu inakatika, inabaki sauti laini na ala chache. Mara ya kwanza nilipofika hapo umeme ulikuwa umekatika, nimelala sakafuni kwa joto, na nikasahau joto. Upande huo unaupunguziaje alama kwa kosa la upande wa pili?

Wa Mbagala

Dakika 80? Mkuu, hiyo si albamu, hiyo ni foleni.

Mzee wa Kariakoo

Vijana, mchuzi huo uliongezwa maji. Na si maneno yangu. Rick Wakeman, mpiga kinanda wao, ameeleza kwamba muziki waliokuwa nao ulizidi santuri moja na haukutosha mbili. Upande mmoja wa santuri unabeba dakika ishirini na kitu. Ukishaamua ni pande nne, lazima zijae. Husimulia mwenyewe kwamba siku moja jukwaani Manchester alichoka hadi akala kari juu ya vinanda vyake, wenzake wakiendelea kupiga. Mwaka 1974 akaondoka. Mpishi akigoma kula chakula chake, wewe mgeni unang'ang'ania nini?

Dada wa Magomeni

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, hapo sikubali. Mpishi aligoma, lakini Anderson na mpiga gitaa wao Steve Howe, waliotunga sehemu kubwa, hawakugoma, na Waingereza waliinunua mpaka ikashika namba moja kwao. Kwa hiyo tusimpe Wakeman uhakimu peke yake.

Na huyo wa Mbagala aache mambo ya urefu. Sisi tuliolelewa kwenye taarabu, wimbo wa robo saa ni wa kutulia tu. Dansi nalo ni hivyohivyo: Sikinde wanakuimbia kisa polepole mpaka ukielewe, ndipo magitaa yanachanganya na watu wanainuka. Tofauti ni kwamba kule unajua unapelekwa wapi. Upande wa pili wa hawa Yes, kinanda kimetanda kama mawingu ya masika yasiyonyesha. Umeanua nguo bure. Kosa ni hilo.

Mzee wa Kariakoo

Marahaba mwanangu. Hapo umesema. Zamani santuri ndogo ilikuwa inakata wimbo katikati, sehemu ya kwanza huku, ya pili unageuza. Wengine tulikuwa tunaanza na ya pili moja kwa moja.

Kijana wa Kimara

Mzee, umenigusa penyewe. Upande wa tatu, The Ancient, zaidi ya nusu yake ni gitaa linalolia kama bati linaburutwa juu ya lami, na midundo isiyoshikika. Halafu Howe anachukua gitaa kavu, anapiga taratibu, Anderson anaimba. Safi kabisa. Wiki iliyopita nikafanya kama nyie: nikaruka nikaanzia hapo. Ukawa wimbo mzuri wa kawaida. Usiku nikarudia kuanzia mwanzo, nikavumilia bati lote, na gitaa lilipoingia mabega yalishuka yenyewe. Sasa zile kelele ni kosa la kukata alama, au ndizo zinazolipia utamu?

Ila upande wa pili siutetei. Huo nimeuvumilia mara tatu na hakuna aliyenilipa.

Wa Mbagala

Kwa hiyo nikupige kofi kisha nikuache, useme raha?

Dada wa Magomeni

Hahaha! Lakini kaka wa Kimara, hoja yako inakugeuka. Kama kelele zinalipia gitaa, basi pande zinategemeana, na huwezi tena kuutenga wa nne uusamehe peke yake. Unaihukumu yote kwa pamoja, na ubovu wa wa pili uingie humo. Mimi naipa 6, nusu naibakiza.

Halafu nauliza: wote mnasikiliza toleo moja? Yangu inaanza na sauti za watu wakiimba kwa kasi, moja kwa moja.

Kijana wa Kimara

Yangu inaanza na kama mawimbi, dakika mbili hivi, ndipo waimbe.

Dada wa Magomeni

Basi hilo ni toleo la 2003, walirudisha utangulizi uliokuwa umekatwa. Na rafiki yako je, aliyetoa 8?

Kijana wa Kimara

Ngoja nimpigie.