Kikundi: Nyumba ya Mama Mkubwa

*Alhamisi*

06:52 Zainabu: Habari za asubuhi nyote. Jumamosi ni kwa Mama Mkubwa kama tulivyokubaliana. Tunaangalia Heroes na watoto, ile tamthilia ya Marekani ya watu wenye uwezo wa ajabu. Naomba majibu matatu: tunaanza saa ngapi, tunaishia msimu wa ngapi, na projekta iko kwa nani.

07:40 Zainabu: Naona mmesoma.

07:41 Khadija: Mimi nimesoma kwa jicho moja tu

08:15 Mjomba Rajabu: Zai, hilo la tunaishia wapi nina neno nalo. Msimu wa kwanza, episodi 23, basi. Mkivuka hapo mnawaharibia watoto kitu kizuri.

08:16 Zainabu: Mjomba, ninayo yote minne. Siwezi kuwakatia katikati.

08:19 Mjomba Rajabu: Si katikati, pale ndipo hadithi ilipoisha. Nathan kambeba mdogo wake Peter anayetaka kulipuka, kapaa naye juu, mji umepona. Baada ya hapo ni watu wanatafutiwa kazi ya kufanya.

08:44 Shangazi Fatma: Nathan ndiye yule fundi saa?

08:45 Khadija: Hapana Shangazi, fundi saa ni Sylar, adui. Anayepasua vichwa

08:51 Shangazi Fatma: Astaghfirullah. Nilikuwa nampenda yule kijana.

08:52 Zainabu: Tusitoke kwenye mada. PROJEKTA.

09:30 Idi: Mjomba unaionea. Msimu wa pili uliharibiwa na mgomo wa waandishi wa Marekani. Ulianza 5 Novemba 2007, ukaisha Februari 2008. Msimu ukakatwa kwenye episodi 11, ule wa tatu ukaja Septemba 2008. Nani angebaki na hamu miezi yote hiyo?

09:58 Mjomba Rajabu: Idi mwanangu, zile zilizotuchosha ziliandikwa kabla ya mgomo. Mwezi uleule mgomo ulipoanza, Tim Kring mwenyewe, mtunzi wake, alikiri kwenye mahojiano na Entertainment Weekly kwamba mambo yalikwenda polepole, Hiro, yule msafiri wa wakati, alikawizwa Japani ya kale, na yale mapenzi hayakukaa sawa. Mgomo uliikuta tayari mgonjwa.

10:01 Idi: Sawa lakini mgonjwa hukumpa nafasi ya kupona

10:02 Khadija: 😂😂 Dokta Idi

10:03 Zainabu: Saa ngapi Jumamosi? Nikisema saa kumi kuna mwenye pingamizi?

12:37 Mjomba Rajabu: Ngoja nimalize, nilikuwa na wageni. Kring tangu mwanzo alikusudia kila msimu uje na watu wapya. Lakini watazamaji walishawapenda hawa, wakabakizwa. Sasa umembakiza Peter, anayenyonya uwezo wa kila mwenye uwezo anayekutana naye. Utampa shida gani huyo? Kila kesi anaimaliza kabla hujakaa vizuri. Basi wakamfuta kumbukumbu, akaokotwa ndani ya kontena huko Ireland, hajui hata jina lake. Hiro anasimamisha muda, wakamtupa Japani ya mwaka 1671. Sylar wakampa virusi, uwezo ukapotea, akawa anazurura Mexico kwa miguu. Msimu wa tatu baba yake Peter kaja kumnyang'anya mwanawe kila kitu. Yaani waandishi wanahangaika kuwapunguza nguvu watu waliowapa nguvu wao wenyewe. Halafu ukae uangalie.

12:40 Khadija: Mjomba umeandika gazeti. Ila kweli

12:41 Khadija: Na Niki je, yule mama mwenye nguvu! Wamemwacha ndani ya moto, tukalia. Msimu uliofuata sura ileile, mwigizaji yuleyule, eti sasa anaitwa Tracy. Na machozi yetu??

12:44 Idi: Kile kisa cha Tracy kina maelezo yake

12:44 Khadija: Kila upuuzi una maelezo yake Idi

13:10 Mjomba Rajabu: Na ile damu ya Claire, yule binti anayejiponya. Baba yake kapigwa risasi ya jicho, kafa kabisa. Kachomwa sindano ya damu ya binti, kaamka. Tangu siku ile mtu akifa mimi nauliza tu damu iko wapi. Zamani tulijua steringi hafi. Hawa wakafanya hata asiye steringi hafi.

13:12 Zainabu: Hakuna aliyejibu saa kumi. Naandika saa kumi.

14:05 Salim: Msimu wa kwanza wenyewe mwisho wake ulinikata stimu. Mwaka mzima tunasubiri Peter na Sylar wapambane, tukapewa ngumi chache na panga la Hiro. Na ile episodi ya miaka mitano mbele ndiyo kabisa. Wanaanza kupigana, mlango unafungwa, tunaona taa zinawaka upande wa pili.

14:06 Khadija: TULIANGALIA MLANGO 😂😂😂 Mwenyezi Mungu anisamehe nilivyotukana siku ile

14:06 Zainabu: Salim, karibu. Umeona swali la projekta?

14:20 Zainabu: Salim.

14:31 Salim: Kwani kila kitu nyumba hii kikipotea ni mimi?

14:33 Khadija: Hakuna aliyesema kimepotea. Dada kauliza kiko kwa nani. Ila siku ile unahama kulikuwa na begi jeusi, wote tuliliona

14:35 Salim: Khadija tusianze. Mimi na wewe tunajua nani alipewa diski akaangalia peke yake usiku, asubuhi akatusimulia mwisho wote mezani.

14:36 Khadija: Ulikuwa unajua tu!! Kila mtu alijua Nathan atamchukua. Bora hilo kuliko nikikuambia kwamba baadaye Nathan anauawa na Sylar halafu wanamgeuza Sylar ajione ndiye Nathan, seneta mzima

14:37 Zainabu: KHADIJA. Watoto wanashika hii simu.

14:37 Khadija: *Ujumbe huu umefutwa*

14:39 Idi: Umefuta mmoja sio wote 🤦

14:52 Shangazi Fatma: Kwa hiyo fundi saa akawa mheshimiwa?

14:53 Khadija: Ndiyo Shangazi, alipanda cheo

15:20 Idi: Mimi napendekeza msimu wa kwanza na wa pili. Wa pili ni mfupi. Na ule ugonjwa unaoua asilimia 93 ya watu duniani ulikuwa wazo zuri.

15:26 Mjomba Rajabu: Wazo zuri lililozikwa. Episodi ya mwisho chupa inadakwa kabla haijaanguka, mambo yameisha. Hapo ndipo penye mkono wa mgomo, nakupa hilo.

15:27 Idi: Asante Mjomba. Pointi moja

17:02 Zainabu: Jamani watoto wanauliza. Msimu wa kwanza tu au yote? Projekta ipo au tukodolee simu ya Idi?

17:05 Khadija: Okoa projekta, uokoe dunia

17:06 Zainabu: Sio wakati wa mzaha.

19:48 Mama Mkubwa: Nimesoma yote tangu asubuhi. Nilikuwa naangalia pamoja nanyi, mnasahau. Mimi niliacha pale kwa yule binti wa Ireland, Caitlin. Kaka yake ameuawa, hana mtu, akamfuata Peter. Peter akaruka naye wakati hadi mwaka uliofuata, kwenye maradhi yale. Yeye akarudi, binti akabaki. Nikasubiri wiki ya pili, nikasubiri ya tatu. Hakuna aliyemtaja. Mnazungumza nguvu na damu na mlango. Mtu anayemchukua mtoto wa watu akamwacha ugenini, halafu anakula na kucheka na wenzake, huyo kwangu si shujaa, na aliyemwandika hakuwa na haya.

19:50 Mama Mkubwa: Projekta aliinunua marehemu baba yenu ili nyote mkae sebule moja. Nataka kuiona Jumamosi. Sitauliza ilikuwa wapi.

20:11 Mjomba Rajabu: Umesema, dada.

20:12 Idi: Sawa Mama

20:12 Khadija: Sawa Mama

20:26 Shangazi Fatma: Sawa dada. Na mimi yule binti nilimlilia.

21:03 Salim: Sawa Mama. Nitakuja nayo.

21:04 Zainabu: Asante Salim. Basi tumalize. Saa kumi, projekta ipo. Misimu?

21:06 Mjomba Rajabu: Wa kwanza tu. Dada ameshafunga.

21:07 Zainabu: Mama hakusema wa kwanza tu. Kasema yeye aliacha wapi. Kura hizi hapa, kila mtu apige kabla ya kulala.

21:08 *Kura: Tuishie wapi?*
*Msimu wa kwanza: 3*
*Wa kwanza na wa pili: 1*
*Yote minne: 1*

21:40 Zainabu: Kura tano? Tuko wangapi humu?

21:41 Khadija: Hiyo moja ya yote minne ni yako dada

22:15 Hawa: Ndio natoka kazini. Saa kumi siwezi, naingia zamu. Ikiwa saa moja usiku nipo. Na mimi nilipenda msimu wa nne, msinipige

22:16 Idi: Msimu wa NNE?? Ule wa sarakasi?

22:17 Hawa: Ndiyo. Samuel alikuwa adui mzuri. Shida yenu mlishakata tamaa kabla hajafika

22:18 Mjomba Rajabu: Hapo Hawa hajakosea sana.

22:20 Zainabu: Mjomba sasa unageuka? Saa kumi au saa moja?

22:34 Salim: Dada Zai, nimeitoa kwenye begi. Inawaka. Ila waya wa kuunganisha na kompyuta haumo. Sikuondoka nao.

22:35 Zainabu: Nani alibaki nao?

22:41 Zainabu: Khadija naona unaandika.