Wachora ramani wa Dar, nyumba mnazotuchorea ni matanuri!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naongea. Nani aliwaambia wachora ramani kwamba Dar kuna baridi?

Nimepanga Tabata, nyumba mpya, paa limefichwa nyuma ya ukuta, upenu hakuna hata inchi moja. Mji huu uko kama nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri liko utosini, hilo ni kazi ya paa. La jioni ndilo linalopiga ukuta ubavuni, na ukuta wa magharibi kwangu ndio wa chumba cha watoto. Saa sita usiku ukiuwekea kiganja bado una moto. Tofali la saruji limekunywa joto mchana kutwa, sasa linalirudisha kitandani. Mwanangu wa mwisho ana harara shingo nzima, analala kwenye korido.

Ila kinachonikera kuliko vyote ni madirisha. Aluminiamu ya kuslaidi, kubwa kweli kweli, lakini ukifungua, kioo kimoja kinaenda kujificha nyuma ya kingine. Umelipia dirisha zima, unapata upepo wa nusu, tena uliochujwa na wavu wa mbu. Na kila chumba kina dirisha upande mmoja tu! Upepo utaingiaje kama hauna pa kutokea? Luva za zamani zilifunguka karibu dirisha lote, mkazing'oa kwa sababu zimepitwa na wakati.

Pwani hewa imejaa unyevu, jasho halikauki bila upepo. Na upepo Mungu katupa: kaskazi Desemba hadi Machi, kisha kusi. Ingieni nyumba ya Kiswahili Kariakoo au Magomeni: ukumbi umenyooka toka mlango wa mbele hadi uani, upepo unapita wote. Ramani hiyo ilikuwepo kabla yenu, mmeiacha kwa ajili ya picha za mtandaoni!

Msiniambie nifunge AC. Umeme wa LUKU nalipiwa na nani? Na umeme ukikatika?

Nimemwomba mwenye nyumba nitoboe matundu ya hewa juu ya milango na niweke kipaa juu ya dirisha la magharibi, kwa pesa yangu. Kakataa, eti nitaharibu muonekano. Kodi ya miezi sita alipokea yote bila kuuliza tunalalaje.

Aliyewahi kumbana mwenye nyumba wake mpaka akakubali, aje aseme alipitia wapi. Na wachora ramani mliomo humu, nijibuni: mlipochora, mliuliza upepo unatoka upande gani?