Hema limelowa ndani na mvua haikunyesha. Hivi mnapenda nini huko?

Usingizi_Mtamu

Wakuu, habari zenu. Naomba mnijibu bila kunicheka. Mkishindwa kujizuia basi chekeni, mimi mwenyewe nimeshacheka.

Wiki iliyopita nimelala hemani kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe. Siku mbili. Mwenye hamu alikuwa mume wangu; ameliimba jambo hili miaka mitatu na mimi nimelikwepa miaka mitatu, safari hii visingizio vikaniishia.

Tulifika jua limeshazama. Kusimamisha hema gizani, mmoja ameng'ata tochi, mwingine anauliza "hii nguzo inaingia wapi?", nadhani wachumba wote wangepewa mtihani huo kabla ya kufunga ndoa. Nguzo fupi tuliipachika pa ndefu, hema likatoka na nundu kama ngamia. Tukang'oa, tukaanza upya. Mahali nilichagua mimi: kibonde tambarare, nyasi laini, hatua ishirini hivi kutoka mtoni. Nilijipongeza sana. Tukaingia, tukafunga kila zipu na kila kitundu, maana mbu walikuwa wameshapanga foleni na baridi nayo ilikuwa inaanza.

Saa nane usiku tone likanidondokea jichoni. Nikajua mvua. Nikatoa kichwa nje: nyota zimejaa, hakuna hata wingu la dawa. Kurudi ndani nikapapasa dari, mkono ukatoka umelowa chapachapa. Begi la kulalia limelowa upande wa miguuni. Na huku mgongoni baridi inapanda kutoka chini utadhani nimelala sakafuni, wakati nilikuwa juu ya godoro la kujaza upepo, nene kabisa, lile la kuelea majini.

Haja ndogo nayo ikachagua saa hiyo hiyo. Zipu ya begi. Zipu ya hema la ndani. Zipu ya hema la nje. Kutafuta viatu kwa kupapasa, kimoja nilikiacha nje, kimejaa umande. Nilirudi na mguu wa barafu na mbu watatu. Mume wangu anakoroma.

Maswali yangu ni mawili. Maji yale yalitoka wapi? Mume wangu anasema hema bovu, turudishe tulikonunua. Na la pili: ninyi mnaopenda mambo haya, mnapenda nini hasa? Msiniambie "utulivu wa asili". Chura wa mto ule hawajui neno utulivu. Niambie kitu kimoja kilichokutokea wewe, ukasema nitarudi tena.

Kigingi_cha_Nane

Dada, msirudishe hema, mtaaibika. Maji yale ni yenu.

Watu wawili mnapumua usiku kucha, kila pumzi ina mvuke, ngozi nayo inatoa wake. Mmefunga matundu yote, kwa hiyo mvuke hauna pa kutokea. Ukigusa kitambaa kilichopoa unageuka maji, kama dirisha la gari lililofungwa lenye watu ndani. Ile nyota uliyoiona ndiyo shahidi wangu. Usiku wa mawingu, mawingu hufanya kazi ya blanketi. Usiku mweupe wa nyota, kitambaa cha nje kinapoteza joto moja kwa moja kuelekea angani, mpaka kinakuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Ndiyo maana unalowa zaidi siku ambayo haina dalili ya mvua.

Halafu kibonde. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka polepole kama maji na kujikusanya chini. Kando ya mto unyevu ni mwingi tayari. Kwa hiyo, samahani dada, ulichagua bakuli la baridi ukaliwekea mvuke juu. Siku nyingine panda mwinuko kidogo, hata mita chache tu utaona tofauti. Chini ya mti ni bora zaidi kwa umande, kwa sababu matawi yanaikinga paa yako na anga, ila kabla hujapigilia kigingi inua macho: tawi kavu lililoning'inia halikupi taarifa kabla ya kuanguka.

Matundu fungua, hata kama ni baridi. Wavu wa mbu ubaki umefungwa, lakini mlango wa kitambaa cha nje uache wazi sehemu ya juu. Nguo mbichi zisilale ndani na ninyi. Na usizame kichwa kizima kwenye begi la kulalia, utalilowesha kwa pumzi mwenyewe.

Baridi ya mgongo ni kesi nyingine. Godoro la kuelea ni hewa tupu ndani, na hewa ile inazunguka: inachukua joto lako juu, inalipeleka ardhini, inarudi kuchukua jingine. Begi la kulalia nalo ukililalia linabanwa, na likibanwa halizuii chochote. Magodoro ya kambi yana namba inayoitwa R, kipimo cha jinsi godoro linavyozuia joto lako lisipotelee ardhini. Usiku wa joto R ya 2 inatosha, kwenye theluji watu wanatafuta 5 kwenda juu. Namba hizo zinajumlishwa, kwa hiyo hata mkeka mwembamba wa povu ukiwekwa pamoja na godoro unasaidia.

La pili nitarudi kulijibu, nimeitwa.

Jembe_Halimtupi

Mbona mnazunguka sana? Ingizeni jiko la mkaa humo ndani dakika kumi kabla ya kulala. Hema linapata moto, maji yanakauka, mnalala kama watoto.

Kigingi_cha_Nane

Mkuu Jembe, nimeacha nilichokuwa nafanya kwa ajili yako. USIFANYE HIVYO na usimshauri mtu. Mkaa unatoa gesi ya sumu, monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho, na inaing'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyofanya. Mtu anaanza na kichwa kuuma na usingizi, anadhani amechoka na safari, analala, basi. Hata mkaa unaoonekana umezima bado unatoa. Kufungua kitundu kidogo hakukuokoi. Jiko la gesi nalo ndani ya hema ni hivyo hivyo, na zaidi ya hapo moto wa gesi wenyewe unazalisha mvuke, kwa hiyo hata hiyo kazi ya kukausha haufanyi.

Mtu akisikia baridi, chupa isiyovuja, maji ya moto, funga kizibo vizuri, ivishe soksi, weka miguuni. Mimi naiweka katikati ya mapaja.

Jembe_Halimtupi

Nimekuelewa mkuu. Nilikuwa nalifanya na mlango wazi. Nimeacha.

Baba_Pacha

Dada, mpe pole shemeji, najua raha ya kushinda ubishi wa miaka mitatu halafu dari ikakugeuka.

Mimi naenda na pacha wangu, wana miaka saba. Kero ni moja tu na inaitwa mchanga. Nimekuta mchanga kwenye mswaki. Nimekuta mchanga ndani ya kipochi cha tochi ambacho hakikufunguliwa. Sheria yetu ya viatu nje ya mlango inadumu kama dakika nne. Na usiniulize kuhusu kugombania upande wa kulala. Kila mmoja anataka upande wa ukutani, kuta ziko mbili, watoto wako wawili, na bado wanagombana.

Kilichonifanya nirudi ni hiki. Usiku wa kwanza walikuwa wamelala chali mlangoni, kichwa nje, mmoja akasema, "Baba, ile nyota ilikuwa juu kabisa ya ncha ya nguzo, sasa imeondoka." Mwenzake akasema muongo. Basi tukachagua nyota nyingine, wakaahidiana hakuna kusogeza kichwa. Hawajawahi kutulia hivyo maishani, hata wakiumwa. Nyota ikaiacha nguzo. Nikawaambia nyota haijaenda popote, sisi ndio tunaobebwa. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa. Ukinyoosha mkono na kukunja ngumi, upana wa ngumi ni kama nyuzi 10, yaani dakika arobaini. Sasa wanapima saa ya kulala kwa ngumi. "Baba, bado ngumi moja." Nyumbani siwezi kuwalaza kabla ya saa nne, kule saa mbili na nusu wameshazima wenyewe.

Hilo la usingizi nimewahi kulisoma pia: watafiti wa chuo kikuu cha Colorado huko Boulder waliwapeleka watu 8 kambini kwenye milima ya Rocky kwa wiki moja, bila tochi wala simu, mwanga wa jua na wa moto tu. Matokeo yalitoka 2013. Homoni ya usingizi ilikuja kuanza kutoka mapema kuliko walipokuwa nyumbani, kwa tofauti ya karibu dakika mia na ishirini. Pacha wangu hawajasoma lakini wanathibitisha.

Sirudi_Tena

Mimi niko upande wako mleta mada, na sitabadilika. Nilienda mara moja. Asubuhi ya kuondoka hema limelowa, tunakimbizana na gari, nikalikunjakunja hivyo hivyo. Ule mfuko lililotokamo haukubali lirudi, tulilikalia watu wawili. Nikafika nyumbani nikalitupa stoo. Baada ya wiki tatu nikalifungua. Wakuu, ile harufu. Madoa meusi kama ramani. Mpaka leo nikiona mtu amebeba hema mgongoni naisikia puani.

Kigingi_cha_Nane

Sirudi, hapo kosa si la kambi. Hema likilowa unalianika siku hiyo hiyo, hata sebuleni juu ya viti, hata kama mwenye nyumba ananuna. Na usilikunje kama shati. Lisokomeze mfukoni kuanzia pembe moja, linaingia.

Sasa dada, swali lako la pili.

Mimi kero yangu ya kudumu ni kamba za hema. Mwenyewe nazifunga, mwenyewe nazikaza, mwenyewe nazikwaa. Jina langu humu limetokana na kigingi cha nane, ambacho hema langu la kwanza lilikuwa nacho na mimi nikaona saba vinatosha. Saa tisa usiku upepo ukaja, upande ule ukachomoka, na kitambaa kikanipiga makofi ya uso mpaka alfajiri. Nilikuwa na uvivu wa kutoka. Nilikula makofi kwa hiari kuliko kufungua zipu.

Katika usiku wa namna hiyo hiyo, safari nyingine, nilitoka kwa shida ile ile iliyokutoa wewe. Tochi ya kichwani. Nikaona nyasi zimejaa umande unaometa, vijitone vidogo vya kijani-buluu, mamia. Nikasema ngoja nione tone moja kwa karibu. Nikainama. Tone likatembea.

Yalikuwa macho ya buibui. Wale wanaowinda chini bila kutandika utando wana ngozi nyuma ya jicho inayorudisha mwanga pale pale ulikotoka, kwa hiyo tochi lazima iwe karibu na macho yako mwenyewe, ukiishika kiunoni huoni kitu. Hawakunifanya chochote, walikuwa kazini. Nilisimama pale na chupi na buti, nimesahau kilichonitoa. Kila nikigeuza kichwa, uwanja mzima unanitazama.

Sijui nikwambie nilipenda nini. Nilirudi kulala nikaona hema limekuwa jembamba sana. Lakini wiki mbili baadaye nilikuwa nimesharudi pale pale, na betri mpya.

Baba_Pacha

Mkuu, hiyo sitawaambia pacha. Hawatalala tena hata kwa ngumi kumi.

Usingizi_Mtamu

Narudi kwenye uzi wangu, samahani kwa kimya.

Kwanza, kaka Kigingi, nilimsomea mume wangu jibu lako neno kwa neno. Alisikiliza mpaka "maji yale ni yenu", akasema, "Mimi sipumui hivyo." Basi Jumamosi tukafanya jaribio uani. Usiku wa kwanza tulifunga kila kitu kama kule: asubuhi dari imelowa, nikampeleka mkono wake mwenyewe akapapasa. Usiku wa pili tukafungua matundu yote na nusu ya mlango wa nje, wavu umefungwa. Kitambaa cha nje kilikuwa na unyevu kwa mbali, begi langu kavu. Godoro la kuelea nimelirudisha kwa wenye kuogelea, nimelalia mkeka wa povu uliotandikwa mara mbili. Mgongo haukulalamika sana. Nyonga ililalamika.

Sijasema napenda. Hilo lieleweke.

Ila usiku ule wa pili, saa nane, mwili ukaniamsha kama kawaida yake. Zipu tatu. Viatu safari hii vilikuwa ndani, ndani ya mfuko. Nikavaa tochi kichwani, nikasema nitatazama mara moja tu niridhike kwamba kaka Kigingi anatudanganya. Chini ya uzio kulikuwa na vijitone viwili vinavyometa. Halafu vitano. Nikarudi nikamvuta mume wangu mguu, akatoka anauliza kuna mwizi.

Yeye alihesabu kumi na saba. Mimi kumi na tisa. Anasema viwili vilikuwa umande, na mimi nasema viwili hivyo vilitembea. Bado tunabishana, na hema liko uani linakauka.