Kusoma uzamili katika mji mdogo wa pwani ya Wales: naomba ushauri wa waliotangulia

Afisa Mifugo wa Rungwe

Habari zenu, ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini. Mimi ni afisa mifugo katika Wilaya ya Rungwe, nina mume na mtoto mmoja wa miaka minne, na nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja nchini Uingereza katika fani ya uzalishaji wa mifugo. Vyuo viwili vimenikubali. Kimoja kiko katika jiji kubwa, na kingine ni Chuo Kikuu cha Aberystwyth, katika mji wa pwani ya magharibi ya Wales ambao wakazi wake hawafiki elfu ishirini. Mfadhili ameniachia nichague mwenyewe, ila anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Wenzangu kazini wanashangaa hata kusikia kwamba ninaufikiria huo mji mdogo. Wanasema Jiji la Mbeya pekee lilihesabiwa kuwa na watu zaidi ya laki tano katika sensa ya 2022, sasa mtu apande ndege kwenda mbali kote huko ili akaishi mahali padogo namna hiyo kwa faida gani? Mimi sikukulia pwani. Maji mengi niliyoyazoea ni ya Ziwa Nyasa, pale Matema. Naomba kwa yeyote aliyewahi kusoma katika mji wa namna hiyo anieleze kwa ukweli: maisha yakoje, baridi na upweke vikoje, na je, kuna elimu ambayo mtu huipata huko na asingeipata katika jiji kubwa?

Binti wa Makete

Shikamoo dada, na hongera sana. Nilisoma uzamili Aberystwyth, nami nimezaliwa Makete na sasa ninafanya kazi na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mkoani Njombe, kwa hiyo uniruhusu nikujibu kwa urefu.

Nianze na masomo, maana ndiyo yanayokupeleka. Watu huupima mji kwa ukubwa wake, ilhali mwanafunzi wa mifugo angefaa aulize mji huo umehangaika na jambo gani kwa miaka mingi. Aberystwyth imehangaika na malisho. Mwaka 1919 chuo kilianzisha kituo cha kuzalisha aina bora za nyasi, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa George Stapledon, kwa sababu wafugaji wa vilima vya Wales walikuwa na mvua nyingi lakini malisho dhaifu, hali ambayo mtu wa Rungwe hahitaji kuelezwa. Kazi hiyo inaendelea hadi leo, na mojawapo ya matunda yake ni nyasi zenye sukari nyingi. Ng'ombe anapokula majani mabichi, protini huvunjwa haraka sana tumboni, na vijidudu vya tumboni visipopata nishati ya kutosha kwa wakati uleule, naitrojeni nyingi hupotea kwa njia ya mkojo badala ya kuwa maziwa. Sukari iliyomo ndani ya jani ndiyo inayovipa vijidudu hivyo nishati hiyo. Mimi nilifundishwa jambo hilo asubuhi darasani, na mchana nikalishika kwa mikono shambani, kwa kuwa kutoka darasani hadi kwenye majaribio si mbali.

Sikurudi Njombe na gunia la mbegu zao, wala si lazima zitufae. Nilichorudi nacho ni utaratibu wa kuuliza. Mfugaji anaponiambia kwamba maziwa yamepungua na kunionyesha matete ambayo shina lake limeshakuwa gumu, sianzi tena na habari za pumba na mashudu. Naanza kwa kumwuliza aliyakata yakiwa na umri gani. Aidha, chuo kina kituo cha utafiti wa maeneo ya miinuko kiitwacho Pwllpeiran, kilichoko bara, kwenye vilima vyenye udongo wenye tindikali, upepo na mvua isiyokatika. Siku ya kwanza niliposimama pale niliona jinsi mambo wanayoyahangaikia yanavyofanana na yale ya Kitulo, kwenye nyanda za juu za kwetu Makete, na tangu hapo sikuwa na mashaka kwamba nilikuwa mahali panaponihusu.

Kuhusu maisha ya mji, ukweli ni kwamba unajulikana haraka. Mwalimu aliyekufundisha takwimu utamkuta dukani ananunua mkate, na mazungumzo mliyoyaacha darasani yataendelea palepale. Ipo barabara ya kutembea kwa miguu kando ya bahari, na ni desturi ya wanafunzi na wenyeji kutembea hadi mwisho wake wa kaskazini, chini ya kilima cha Constitution Hill, kisha kugusa kwa mguu uzio wa chuma uliopo pale kabla ya kurudi. Mengi niliyoyaandika katika tasnifu yangu yalijadiliwa na wenzangu katika matembezi hayo. Halafu juu ya kilima ipo Maktaba ya Taifa ya Wales, iliyoanzishwa mwaka 1907, ambayo kwa sheria ina haki ya kudai nakala ya kila chapisho linalotolewa Uingereza. Hebu fikiria maktaba ya namna hiyo katika mji wa ukubwa huo.

Jambo lililonigusa zaidi ni namna chuo chenyewe kilivyoanza. Kilifunguliwa mwaka 1872 ndani ya jengo la hoteli ambayo biashara yake ilikuwa imeshindwa, na kwa miaka mingi ya mwanzo kiliendelea kusimama kwa sababu watu wa kawaida, wakiwemo wakulima na vibarua, walitoa sarafu zao ndogondogo katika michango iliyopitishwa makanisani. Wewe unayejua sekondari zetu za kata zilivyojengwa kwa matofali na michango ya wazazi utaingia katika jengo hilo ukiwa na heshima ambayo wengine huenda hawanayo.

Sasa baridi. Makete tunaamka na umande ulioganda mwezi Juni na Julai, hivyo kipimajoto hakikunitisha; isitoshe, pwani ile theluji ni nadra kwa kuwa bahari huizuia baridi isizidi. Kilichonisumbua ni upepo wenye maji, ambao huvunja mwavuli na kupenya koti lolote lisilozuia mvua, na zaidi ya hapo ni giza. Mwezi Desemba jua huchomoza saa mbili asubuhi ikiwa imepita, na mnamo saa kumi alasiri linazama. Mtu aliyezoea mchana wa saa kumi na mbili mwaka mzima hushtuka mwili kabla hajashtuka akili. Nilijifunza kutoka nje kila siku mchana, hata kukiwa na manyunyu, na kuwahi maktaba asubuhi. Mwezi Juni mambo hugeuka, jua huzama saa tatu na nusu usiku ikiwa imepita, na wakati huo ndipo utakapoelewa kwa nini watu wale huupenda mji wao.

Bahari nayo inahitaji heshima, dada. Maji hujaa na kupwa kwa zaidi ya mita nne wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na mawimbi ya dhoruba huruka ukuta na kumwagikia barabarani. Januari 2014 dhoruba iliharibu sehemu ya barabara hiyo ya ufukweni, na wanafunzi waliokuwa wakiishi kandokando yake walihamishwa. Ukiweza, chagua bweni la huko juu kilimani, jirani na madarasa.

Mwalimu wa Kihesa

Kamwene. Nimeyasoma maelezo ya Binti wa Makete kwa furaha, na sina la kupinga kuhusu masomo. Mimi nilisoma St Andrews, mji mwingine mdogo wa pwani, ule wa mashariki ya Uskoti wenye chuo kilichoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 15, na ninataka nizungumzie upande ambao yeye ameugusa kidogo tu.

Mji mdogo wa chuo hauna maana ya mji wa bei nafuu. St Andrews wanafunzi ni sehemu kubwa mno ya wakazi, wageni wa gofu nao wanataka vyumba, kwa hiyo nyumba za kupanga ni adimu na kodi ni kubwa kuliko mtu anavyotarajia. Hata kituo cha treni mji huo hauna. Unashukia Leuchars kisha unapanda basi. Nafahamu kwamba Aberystwyth ina kituo chake, lakini ndipo reli inapoishia, na safari ya kwenda Birmingham huchukua takribani saa tatu. Usikubali chumba chochote kabla hujauliza gharama ya nguo za kufua, ya kupasha joto na ya usafiri.

La pili ni likizo ya Krismasi. Upweke wa mji mdogo hausababishwi na udogo wake bali na kuondoka kwa watu. Ndani ya siku chache wanafunzi wote wa nchi hiyo wanarudi makwao, korido zinakuwa kimya, na tarehe 25 Desemba treni hazitembei kabisa. Aliyejiandaa hupita salama. Mimi nilialikwa na familia ya kanisani, na ninakushauri ujiunge na kanisa au kwaya mwezi ule wa kwanza, si Desemba. Kama unaimba, Wales itakupokea vizuri, kwa sababu wanapenda sana kuimba tenzi kwa sauti nne.

La tatu linahusu familia yako, na hapa ninaomba unisikilize kwa makini. Tangu Januari 2024 wanafunzi wa uzamili wa masomo ya darasani, isipokuwa wanaofadhiliwa na serikali, hawaruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto, iwe jijini au kwenye mji mdogo. Ada ya huduma ya afya kwa mwanafunzi, tangu Februari 2024, ni pauni 776 kwa mwaka, na kwa kuwa viza ya kozi ya mwaka mmoja huongezewa miezi kadhaa baada ya masomo, hutozwa ya mwaka mmoja na nusu, yaani pauni 1,164. Mwulize mfadhili kama anailipa. Kipimo cha kifua kikuu katika kituo kinachotambuliwa ni lazima kwa waombaji wa kutoka Tanzania, kwa hiyo panga safari ya Dar es Salaam mapema.

Kuhusu kibarua, mwanafunzi anaruhusiwa kufanya kazi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Miji ya pwani huwa na kazi nyingi za hotelini na mikahawani majira ya kiangazi, na wengi hudhani wakati huo wataweza kufanya kazi kutwa nzima. Lakini kwa mwanafunzi wa uzamili kiangazi ni wakati wa kuandika tasnifu na kinahesabiwa kuwa muhula, hivyo mpaka wa saa 20 uko palepale. Usiijenge bajeti yako juu ya kazi hiyo.

Kijana wa Mwanjelwa

Mimi nilichagua jiji kubwa na sijutii. Nilisoma biashara, na katika jiji nilipata kampuni za kutembelea, mihadhara ya jioni, Watanzania wa kuadhimisha nao sikukuu, na duka la unga wa sembe karibu na nilipokaa. Kwa fani yangu mji mdogo ungenikosesha mambo ya msingi. Hata hivyo, dada, mifugo haiko jijini. Darasa letu lilikuwa na watu wengi kiasi kwamba mwalimu wangu wa somo moja hakuwahi kulijua jina langu, na hilo nadhani ulifikirie.

Afisa Mifugo wa Rungwe

Ndaga fijo, ndugu zangu. Habari ya viza za familia nilikuwa naijua, na mimi na mume wangu tumeshaizungumza. Mama yangu atahamia kwetu kumsaidia mtoto. Nina maswali mawili ya mwisho kwa Binti wa Makete. Kwanza, bila gari mtu hufikaje kwenye mashamba ya utafiti? Pili, uliwezaje kuzungumza na nyumbani bila kuvuruga ratiba ya masomo?

Binti wa Makete

Dada, Gogerddan, ambako utafiti mwingi wa mimea hufanyika, ni karibu na mji na basi linafika. Pwllpeiran ni mbali zaidi. Sisi tulipelekwa kwa gari la idara kama darasa, lakini kwa tasnifu binafsi itabidi mkubaliane mapema na msimamizi nani atakupeleka na mara ngapi, ama uchague mada ambayo sampuli zake zinapatikana karibu.

Kuhusu nyumbani, tofauti ya saa itakusaidia. Majira ya baridi Tanzania iko mbele kwa saa tatu, na kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi inakuwa mbele kwa saa mbili. Mtoto anapolala saa mbili usiku huko Rungwe, kule ni saa kumi na moja jioni au saa kumi na mbili, vipindi vimekwisha na maktaba bado ni wazi. Mimi niliifanya saa hiyo kuwa ya nyumbani, na wenzangu wakazoea kutonitafuta.

Kabla hujamjibu mfadhili, fanya jambo moja. Iandikie idara barua pepe na uulize ni nani hasa atakayesimamia tasnifu katika mada unayoitaka, na kama atakuwepo mwaka huo wote. Katika idara isiyo kubwa, mtu mmoja akiwa kwenye likizo ya utafiti, mada nzima inaweza kukosa msimamizi. Wakikujibu kwa jina la mtu na kwa maelezo ya kazi yake, nenda Aberystwyth. Wakikujibu kwa maneno ya jumla tu, waandikie tena, na nakala umpelekee mratibu wa kozi.