PPR, PVC au chuma: nipitishe bomba zipi kabla ya plasta?

Mjenzi_Kibada
Wakuu, habari za jioni. Nyumba imeshapauliwa, waya za umeme zimepita ukutani, sasa fundi bomba anataka kuanza kuchimba kuta ili plasta ifuate. Kanipa hesabu tatu: chuma, PVC za gundi, na PPR, zile plastiki za kijani zinazounganishwa kwa kuchoma. PPR imezidi PVC kwa bei, tena kwa mbali, hasa fitingi zake zenye nyuzi za shaba. Yeye anasema nichukue PVC, maji ni yale yale. Wenye uzoefu nisaidieni, sitaki kuja kuvunja marumaru baadaye.

Kipimo
Mkuu, hujatuambia kitu. Maji ni ya DAWASA, yaani mamlaka ya maji ya Dar, au kisima? Tangi litakaa juu kiasi gani? Ni ghorofa au nyumba ya chini? Vyoo vingapi? Maji moto utayapata kwa njia gani? Bila hayo kila mtu atakutajia alichofunga kwake.

Mama_Eliya
PPR, usiulize mara mbili. Kwangu Goba zilifungwa tangu msingi na hadi leo sijaona hata unyevu ukutani. Bei inauma siku ya kununua tu.

Mzee_Spana
Vijana mmeisahau chuma. Nimefunga chuma miaka yangu yote ya kazi. Mtu akitoboa ukuta kutundika kabati, drili ikigusa chuma inakataa na mtu anashtuka. Hizo plastiki zinatobolewa bila yeye kujua, anakuja kuona ukuta umelowa.

Mjenzi_Kibada
Samahani wakuu. Ni nyumba ya chini, vyumba vitatu, vyoo viwili na jiko. DAWASA wamepita mtaani lakini sijaunganishwa, natumia kisima cha jirani, maji yake yana chumvi kidogo. Tangi ni la lita 2,000, mnara sijajenga. Maji moto bado sijafikiria.

Kipimo
Hapo kwenye chumvi ndipo palipokuwa na jibu. Chuma itoe kwenye orodha. Lile tabaka la zinki ndani ya bomba inaliwa na maji ya chumvi, halafu kutu inajaa bomba kutoka ndani. Utafungua koki asubuhi yaje maji ya kahawia.

Swali la pili ni maji moto. Ukifunga hita ya papo hapo, ile inayokaa kwenye bomba la mvua lenyewe, hakuna maji moto yanayopita ukutani, kwa hiyo PVC ya presha inatosha kabisa. Ukitaka hita ya tangi inayolisha bafu na jiko, laini ya moto lazima iwe PPR, kwa sababu PVC hulegea joto likikaribia nyuzi 60. Unaweza pia kuchanganya, baridi PVC na moto PPR. Jambo la msingi uamue leo, kuta zikiwa wazi.

Mzee_Spana
Chumvi kidogo haiui chuma, inategemea unene. Siku hizi wanauza chuma nyepesi, ndiyo maana.

Nyali_Kwetu
Mzee, shikamoo, lakini hapo nakupinga. Huku Mombasa nyumba nyingi zinatumia visima, na chumvi ndiyo iliyotufunza. Kwa marehemu baba mifereji yote ilikuwa imeungwa kwa chuma nene za zamani. Fundi alipokata kipande cha jikoni, kutu ilikuwa imebakisha tundu ambalo hata kidole kidogo hakipiti. Tulitia PPR nyumba nzima.

Binti_Mbezi
Naona wote mnaisifu PPR, ngoja niseme upande wangu, maana bomba nzuri mikononi mwa fundi mbaya ni hasara tupu.

Tulichagua PPR, tukanunua ya bei ya juu, fundi akaletwa na mtu tunayemwamini. Alikuwa na mashine ya kuchomea na mkono mwepesi, kila mtu akamsifu. Plasta ikapigwa, marumaru zikapangwa mpaka dari, tukahamia. Bafu la wageni likawa na maji mazuri tu, la chumbani maji yanachuruzika. Fundi akasema tangi liko chini. Tukainua mnara, gharama yote ile, hali ikabaki vile vile. Akasema ni koki za Kichina. Tukabadilisha koki.

Mwishowe akaja fundi mwingine, akafunga maji, akafungua elbo la nyuma ya bomba la mvua na kumulika tochi. Akatuita tuchungulie. Plastiki ilikuwa imeyeyuka ikavimba ndani ya kiungo, pete nzima ya kijani, katikati kimebaki kitundu ambacho kalamu haipiti. Yule wa kwanza alikuwa anaacha bomba kwenye mashine muda mrefu, kisha analisukuma kwa nguvu. Viungo vya ukuta ule vilikuwa hivyo karibu vyote. Tulivunja marumaru kutoka sakafuni hadi kifuani, na za rangi ile hazikuwepo tena dukani. Mpaka leo bafu lina mstari wa rangi tofauti, na nikiuona moyo unaniuma. Fundi wa kwanza simu hapokei.

Fundi_Koki
Pole sana dada. Hilo tunalikuta mara nyingi. Mashine inakaa nyuzi 260. Bomba la milimita 20 linashikwa sekunde 5, la 25 sekunde 7, la 32 sekunde 8. Unalitoa, unalisukuma moja kwa moja bila kulizungusha, unatulia nalo. Kabla ya hapo unaweka alama ya penseli kina kinapoishia ili usipitilize. Fundi asiyeweka alama anakisia.

Mjenzi, jambo ambalo hujaulizwa ni ukubwa. PPR inahesabiwa kwa nje. Ile ya 20 yenye ukuta mnene wa maji moto, ndani inabaki milimita 13 na kidogo tu, ni ndogo kuliko chuma ya nusu inchi. Kwa tangi la mnara, toa 32 kwenye tangi, zungusha nyumba kwa 25, ile 20 ibaki ya kushukia kwenye koki moja moja.

Na kabla ya plasta, ziba ncha zote, jaza maji, piga presha kwa pampu ya mkono mpaka bar 10, uiache usiku kucha. Mshale ukishuka, tafuta kiungo. Fundi akikataa kupima, usimlipe fedha ya mwisho.

Mama_Eliya
Bar 10 kwa maji ya tangi? Si atapasua bomba bure?

Fundi_Koki
Halipasuki, mama, hata PPR nyembamba ya PN10 imeandikwa kwa presha hiyo. Kinachofunguka ni kiungo kibovu, na ndicho tunachokitafuta.

Kipimo
Na presha ya mnara msiitegemee sana. Kila mita 10 za urefu ni kama bar 1. Mnara wa mita 3 unakupa bar 0.3 tu, na hita nyingi za papo hapo haziwaki vizuri kwa presha hiyo. Ama upande juu, ama uweke pampu ndogo.

Mzee_Spana
Pampu ni umeme. Umeme ukikatika unaoga na kopo.

Kipimo
Ndiyo maana pampu inawekwa na njia ya pembeni, mzee, maji yapite bila yenyewe.

Sauti_ya_Chemba
Mnabishana maji safi, wakati kinachowatesa watu ni maji taka. Mjenzi, bomba za inchi 4 zipe mwinuko wa sentimita 2 kila mita, weka chemba kila kona, na kila sinki iwe na mtego wa maji chini yake, lile bomba lililopinda linalobaki na maji kuzuia harufu. Juu ya paa litoke bomba la kupumulia. Bila hilo, choo kikiflashiwa kinavuta maji ya mtego wa sinki, na harufu inaingia ndani. Watu wanamwaga dawa kila siku kumbe tatizo ni hewa. Maji ya jikoni yapite kwanza kwenye chemba yake ya kukamata mafuta.

Halafu huko kwenu Kibada, Kigamboni, maji ya ardhini yako karibu. Umechimba karo la aina gani?

Mjenzi_Kibada
Fundi ujenzi kachimba shimo moja, lina tofali zenye nafasi pembeni, chini udongo.

Sauti_ya_Chemba
Simamisha hilo mkuu. Masika ya Machi hadi Mei maji yatapanda kutoka chini, shimo litajaa bila wewe kulijaza, na choo kitagoma. Utakuwa unaita gari la kunyonya kila mara. Pia kisima cha jirani kiko umbali gani? Mita 30 ndiyo tahadhari inayotajwa sana.

Nyali_Kwetu
Atie baiodaijesta, lile tangi ambalo bakteria wanakula uchafu, mambo kwisha. Ni ndogo na haijai.

Sauti_ya_Chemba
Uchafu unajaa taratibu, lakini maji yanayotoka bado yanahitaji ardhi ya kuyanywa. Ardhi ikishiba, baiodaijesta nayo inarudisha. Na wenye nyumba wakimwaga jiki kila siku, bakteria wanakufa.

Nyali_Kwetu
Yangu ina miaka na haijarudisha hata tone.

Sauti_ya_Chemba
Nyali yenu imekaa juu ya mawe ya matumbawe yanayonyonya, bwana. Kibada ni hadithi nyingine.

Mjenzi_Kibada
Nashukuru sana wakuu. Chuma nimeifuta. Kwenye hita mke wangu anataka ya tangi, kwa hiyo naelekea PPR angalau laini ya moto, baridi bado tunapiga hesabu. Kisima cha jirani nimepima kwa hatua, hakifiki mita 20 kutoka shimoni, na hilo ndilo linaloninyima usingizi sasa. Kuna anayekodisha pampu ya kupimia presha upande wa Kigamboni?

Fundi_Koki
Kukodi sijui, ila maduka ya Gerezani Kariakoo wanauza. Ongea na fundi mwenzako mtaani mchangie.

Mama_Eliya
Sauti_ya_Chemba, na mimi nina swali. Sinki langu la jikoni linagugumia kila mashine ya kufulia ikimwaga maji. Ndiyo hiyo hewa uliyosema, au chemba imeziba?