Tupeane uzoefu: "The Girl Who Was Death" ilikuchekesha au ilikukera?

Wakuu, habari za jioni. Wapenzi wa tamthilia za kijasusi za zamani, sogeeni. Nimerudia The Prisoner ya Patrick McGoohan, ile ya Uingereza ya 1967 na 1968, nikafika tena kwenye episodi inayotugombanisha: "The Girl Who Was Death", ya 15 kati ya 17.

Kwa wageni: jasusi aliyeacha kazi ametekwa na kufungiwa kwenye Kijiji. Jina hana tena, anaitwa Namba Sita, na wakubwa wa pale wanataka aseme kwa nini alijiuzulu. Ghafla episodi hii inaleta kriketi, mwanamke wa mavazi meupe anayemwinda kwa mahaba na mabomu, na mwendawazimu aliyevaa kama Napoleon anayetaka kuiangamiza London kwa roketi akiwa kwenye mnara wa taa. Mwishoni kabisa ndiyo tunajua kwamba yote hayo ni hadithi, Namba Sita anawasimulia watoto wa Kijiji kabla ya kulala. Mimi naipenda sana. Wewe uliionaje, na ulikuwa na nani? Uchambuzi wa kuokota mtandaoni uacheni hukohuko.

Mdau, Leicester: Niliangalia na baba mkwe, mzaliwa wa Nairobi, kriketi ameicheza tangu anavaa kaptura. Kanali mmoja mpigaji anafikisha mbio 99, imebaki moja tu atimize mia, yaani senchuri, mpira unamlipukia. Mzee hakusikitikia roho ya mtu, alisema, "Masikini, kakosa senchuri!" Kisha Namba Sita anaingia badala yake, mpira wenye bomu unakuja, anaudaka kwa mkono na kuutupa mbali. Mzee akasimama: "Aut! Mpigaji hashiki mpira!" Tukasimamisha video nielezwe sheria hadi chai ikapoa. Episodi tulimalizia siku nyingine.

Dada wa kaunta, Arusha: Mimi ni ile ya baa. Namba Sita anakunywa bia, kila ikipungua maandishi yanajitokeza chini ya glasi, mpaka yanasomeka kwamba ameshapewa sumu. Hapigi kelele. Anarudi kaunta anaagiza brandi, wiski, vodka, Drambuie, Tia Maria, Cointreau na Grand Marnier, anazishusha zote ili atapike. Nimehudumia wachanganyaji wengi, wa namna hiyo bado. (Jamani msijaribu, kimbieni hospitali.) Kilichonifurahisha ni uso wake: mkavu kama mtu anayelipia bili ya maji. Angecheka kidogo tu, ladha yote ingeisha.

Mwana wa Mombasa: Mimi nilikereka na sijapoa. Zimebaki episodi mbili mambo yaishe, nina maswali chungu nzima: nani Namba Moja, yule bosi wa juu kabisa tusiyemwona, Kijiji kiko wapi, huyu mtu alijiuzulu kwa nini. Wao wananionyesha bucha, duka la mikate na la mishumaa kwenye kijiji kitupu, vyote vimetegwa, huku sauti ya mwanamke ikimbembeleza jamaa kwenye spika. Halafu naambiwa ilikuwa hadithi tu! Kama ni hadithi, ningeambiwa mwanzo nikae mkao wa hadithi.

Mwenye mada: Kaka, ukiambiwa mwanzo mtego hauna maana. Namba Mbili, anayekiendesha Kijiji, na msaidizi wake wanasikiliza kwa siri, wanategemea mbele ya watoto ulimi utamteleza ataje siri. Hawapati kitu. Wamekesha wakisikiliza mambo ya mnara na Napoleon, na wewe umekaa nao upande wao. Tena muigizaji wa Napoleon ndiye huyohuyo Namba Mbili, Kenneth Griffith. Namba Sita kamfanya bosi wake kuwa mwehu wa hadithi mbele ya watoto, naye bosi anasikia.

Mwana wa Mombasa: Hilo la Griffith nakupa. Mengine bado.

Mwanafunzi, Wales: Nilikwenda Portmeirion, ndiyo mandhari ya Kijiji. Kilijengwa na Clough Williams-Ellis kuanzia 1925, nyumba za rangi za Kiitaliano pembeni ya maji ya Wales, mvua inanyesha. Nilikuwa na orodha ya sehemu za kupiga picha kwa kila episodi. Ya hii ilibaki karibu tupu, maana Kijiji chenyewe kinaonekana mwishoni tu.

Mama Watatu, Muscat: Niliwasimulia wanangu kama ngano, paukwa pakawa, tangu mpira wa bomu mpaka mnara unalipuka. Nikamaliza kama yeye, usiku mwema watoto, popote mlipo. Mkubwa akauliza, "Mama, yule bibi mweupe kafa?" Nikasema ndiyo. Akanuna: eti ndiye pekee aliyekuwa anafurahia kazi yake. Kuanzia hapo kila usiku naombwa nimfufue, na sasa ana meli yake, Namba Sita tumeshamsahau.

Mgeni jukwaani: Sijaona hata moja. Nianze na hii?

Mwenye mada: Hapana mkuu. Anza na "Arrival", uone anavyoamka kule na kila mtu akimtabasamulia. Mzoee mtu asiyemwamini yeyote. Hii ukiikuta mbele utakuja kutuambia uko na mimi au na kaka wa Mombasa.

Mwana wa Mombasa: Atakuwa na mimi.