Naomba ushauri: fundi amesema moduli ya ABS imekufa, ila sijaridhika

Mkaazi wa Himbi (Goma)

Ndugu zangu, salamu kutoka Goma. Ninaendesha Toyota RAV4 ya mwaka 2007, yenye usukani upande wa kulia, niliyoinunua ikiwa tayari imetumika. Wiki tatu zilizopita nilikuwa ninatoka upande wa Buhene, kule lava ya Nyiragongo ya Mei 2021 ilikopita, na katika kipande kimoja kibovu chenye mawe taa tatu ziliwaka kwa mpigo: ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki kwa ghafla), ya utelezi na ya breki. Kanyagio ni gumu kama kawaida na gari linasimama, lakini juzi mvua ilipokuwa inanyesha nilikanyaga kwa ghafla, magurudumu ya nyuma yakajifunga na mkia wa gari ukaenda pembeni. Mke wangu alikuwa ndani, na tangu siku hiyo anapanda pikipiki.

Nilikwenda garaji. Fundi alichomeka mashine yake ya kupimia, akaniandikia misimbo mitatu ya hitilafu kwenye kipande cha boksi: C0278, C1241 na C0200. Alikaa kama dakika tano hivi, kisha akaniambia kwamba moduli, yaani kile kifaa cha ABS chenye kompyuta, pampu na vali, imekufa na kwamba atanitafutia iliyotumika kwa dola 400, fedha zitangulie. Nilipomuuliza amejuaje kwamba ni moduli wala si waya, alinijibu kwamba mashine ndiyo imesema. Je, ndugu zangu, mashine inaweza kusema hivyo? Dola 400 kwangu si fedha ya kujaribia bahati.

Dereva wa Kituku (Goma)

Papa, usijisumbue. Toa balbu ya hiyo taa, au ung'oe fyuzi ya ABS, uendelee na safari zako. Wazee wetu waliendesha magari yasiyo na mambo hayo na walifika.

Fundi wa Nguba (Bukavu)

Ndugu wa Himbi, kwanza niombe kwamba ushauri wa kutoa balbu uachwe hapo hapo ulipoandikwa. Taa ya ABS ikiwaka peke yake, breki za kawaida hubaki nzima na mara nyingi hasara inaishia kwenye ABS. Ikiwaka pamoja na ya breki, na ukiwa umehakikisha kwamba breki ya mkono imeachiliwa na mafuta ya breki yamejaa, maana yake ni kwamba gari limepoteza pia ule mgawanyo wa nguvu unaozuia magurudumu ya nyuma yasijifunge kabla ya ya mbele. Hicho ndicho kilichokupata siku ya mvua. Mpaka litengenezwe, endesha taratibu na uache nafasi kubwa mbele yako.

Sasa nije kwenye swali lako. Mashine haikusema kwamba moduli imekufa. Msimbo hutaja njia ya umeme ambayo ndani yake kuna tatizo, na njia hiyo inaanzia kwenye betri, inapita kwenye fyuzi, waya na plagi, inaingia ndani ya moduli, kisha inarudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. C0278 inahusu njia ya relei (swichi ya umeme) ya vali, na katika gari lako relei hiyo imo ndani ya moduli yenyewe, kwa hiyo hofu ya fundi wako ina msingi. Lakini C1241 inasema kwamba umeme unaoifikia moduli haufai, na moduli yenye njaa ya umeme inaweza kulalamika kwa kila jambo. C0200 inahusu sensa ya kasi ya gurudumu la mbele kulia, ile mafundi wetu huku wanayoiita kapta, na hiyo huenda ni kesi nyingine kabisa iliyoingia tu katika faili moja.

Fuata utaratibu huu kabla ya kutoa hata dola moja. Pima betri injini ikiwa imezimwa na imepoa: ikiwa nzima na imejaa, itakupa karibu volti 12.6. Washa injini, upate kati ya 13.5 na 14.5. Kisha kagua fyuzi mbili kubwa za ABS kwenye boksi la injini, moja ya pampu na nyingine ya vali, na usizitazame kwa macho pekee. Pima pande zote mbili za kila fyuzi.

Baada ya hapo zima gari, toa waya wa hasi wa betri, ndipo uchomoe plagi kubwa ya moduli. Itazame chini ya mwanga mzuri. Ukiona ukijani au unyevu, niambie. Rudisha waya wa betri, kisha utafute nguzo tatu ambazo mchoro wa umeme unaziita +BS (umeme wa vali), +BM (umeme wa pampu) na GND (masi, njia ya kurudisha umeme kwenye betri). Watu wengi hupima hapo kwa maltimita, kile kipimo cha umeme, wakaona volti 12, wakasema umeme upo. Maltimita haivuti umeme wowote wa maana. Hata waya uliobakiwa na unywele mmoja utaionyesha volti 12. Chukua balbu ya taa kubwa ya mbele, ya wati 55, uiunganishe nyaya mbili, upande mmoja kwenye +BS na mwingine kwenye GND. Balbu hiyo inavuta karibu ampea 4.5, na hapo ndipo waya mgonjwa hujitangaza. Iwake nyeupe kabisa. Ikiwaka rangi ya chungwa, pima volti kati ya GND ya plagi na kichwa cha hasi cha betri balbu ikiwa inawaka: zaidi ya 0.2, masi yako ni mbovu. Tahadhari moja tu: usisukume ncha nene ndani ya tundu za plagi, maana utazipanua, na utakuwa umejitengenezea hitilafu ya nne.

Swali la mwisho: je, kuna kazi yoyote iliyofanyika kwenye gari siku chache kabla ya taa kuwaka? Kuchomelea, kubadilisha betri, kuosha injini?

Mama wa Kamalondo (Lubumbashi)

Ninaongezea jambo kwa sababu lilinila fedha. Nina magari mawili ya taksi hapa Lubumbashi, na mwaka jana moja lilipata taa ya ABS. Tulinunua moduli iliyotumika ambayo kwa macho ilifanana na ya zamani kama mapacha, ila tarakimu mbili za mwisho za namba kwenye kibandiko zilitofautiana. Muuzaji aliapa kwamba hakuna shida. Tulipoifunga, taa ilibaki vile vile na msimbo mpya ukaja, kwani ile ilitoka kwenye gari lisilo na mfumo wa kuzuia utelezi, na muuzaji alikataa kurudisha fedha. Kwa hiyo, kaka, kama itafikia hatua ya kununua, namba yote ilingane, mpaka herufi ya mwisho, na mapatano ya kurudisha yaandikwe kabla fedha haijatoka mkononi.

Mkaazi wa Himbi (Goma)

Fundi wa Nguba, swali lako la mwisho limeniaibisha kidogo. Siku mbili kabla ya taa kuwaka nilipeleka gari kuoshwa, na nilimwambia kijana apige injini kwa maji ya presha kwa sababu vumbi jeusi lilikuwa limejaa. Sikulitaja kwa kuwa sikuliona kuwa jambo.

Nimepata fundi mwingine wa umeme, kijana mtulivu, tukafanya ulivyoelekeza. Betri imetoa 12.5, na injini ikiwaka 14.1. Fyuzi zote mbili ni nzima. Balbu iliwaka chungwa iliyofifia, kama kaa la mkaa linaloishia, na kati ya GND na betri tulisoma volti 3.1. Tulifuata waya wa masi mpaka mahali unapofungwa kwenye bodi, tukakuta bolti yake imeota kutu na unga mweupe. Tulikwangua hadi chuma king'ae, tukakaza, tukapaka grisi kidogo juu. Balbu sasa inaumiza macho, na kipimo kimeshuka hadi 0.08.

Kwenye gurudumu la mbele kulia waya wa sensa ulikuwa umechomoka kwenye kishikio chake, ukawa unasuguliwa na tairi kila nikikata kona; ganda lilikuwa limelika na uzi mmoja wa shaba umekatika. Tumeuunga kwa risasi na kuufunika. Tulipofuta misimbo, C1241 na C0200 hazikurudi. C0278 inarudi mara tu gari linapoanza kutembea.

Kuhusu plagi: upande wa waya ni safi, lakini upande wa moduli pini mbili zina ukijani, na tulipoinamisha tochi tuliona ukijani huo unaendelea ndani.

Fundi wa Nguba (Bukavu)

Sasa ninaweza kukubali kwamba moduli ni mbovu, kwa sababu umeme unaingia, masi inatoka, na lalamiko lililobaki ni la kitu kilichomo ndani yake. Huyo fundi wa kwanza alipatia kwa kubahatisha. Lakini kumbuka kwamba kama ungemfuata, ungefunga moduli ya dola 400 juu ya masi ile ile yenye kutu, taa ingebaki inawaka, na angekuambia moduli aliyoileta nayo ni mbovu.

Kuna moduli ambazo sehemu ya umeme hufunguliwa kwa skrubu na kubadilishwa peke yake bila kugusa mabomba ya mafuta. Kwa yako sikushauri, badilisha nzima. Nitumie picha ya kibandiko, kuna jamaa hapa Kadutu anayechinja magari na kuuza vipuri vyake, na kitu kama hicho hupanda boti jioni kikakufikia Goma asubuhi.

Wakati wa kuifunga, fanyeni hivi. Kanyagio likandamizwe kidogo na kuzuiliwa kwa kijiti dhidi ya kiti, ili tundu la kupitishia mafuta katika masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na kanyagio) lizibike na mafuta yasimwagike yote. Mabomba ni sita: mawili kutoka masta silinda na manne kwenda magurudumuni. Yatieni alama kabla ya kufungua, na mtumie spana ya mabomba inayoshika nati karibu pande zote. Spana ya kawaida itaiviringisha nati, kisha mtaanza kutafuta bomba zima. Mafuta ya breki yanayodondoka kwenye rangi yamwagieni maji hapo hapo. Mjaze mafuta ya breki mapya ya DOT 3 kutoka kwenye chupa iliyokuwa imefungwa, kwa kuwa mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani.

Kutoa upepo kwenye mafuta ya breki kwa kukanyaga na kufungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo kwenye kila gurudumu) hakutoshi. Upepo hujificha ndani ya moduli, nyuma ya vali zilizofungwa, na hutoka tu pale mashine inapoamrisha pampu na vali zifanye kazi. Kwa hiyo toeni upepo magurudumu yote, amrisheni kwa mashine, kisha mrudie yote tena.

Halafu jaribio ambalo wengi huliruka. Inueni gari kwenye stendi imara, gia ikiwa huru na breki ya mkono imeachiliwa. Mmoja akanyage breki, mwingine ashike gurudumu, wa tatu aamrishe vali ya gurudumu hilo kwa mashine. Gurudumu lililotajwa ndilo liachie. Likiachia jingine, mmebadilishana mabomba. Mwisho kuna kuisawazisha sifuri ya sensa ya mzunguko wa gari, ile inayopima gari linavyogeuka, ambayo hutaka gari lisimame bila kutikiswa kwenye sakafu tambarare. Ninyi wa Goma mna bahati. Hapa Bukavu, kwa milima hii yetu, mahali pa namna hiyo tunapatafuta kama dhahabu.

Mkaazi wa Himbi (Goma)

Narudi kutoa taarifa. Moduli ilifika kwa boti, namba ikiwa sawa mpaka mwisho, kwa dola 180 pamoja na usafiri. Kazi ilichukua siku nzima. Baada ya kutoa upepo mara ya kwanza kanyagio lilizama kama godoro, na nilianza kumlaumu yule jamaa wa Kadutu moyoni. Kijana alipoamrisha pampu, ikaguruma, na kutoka kwenye nipeli ya nyuma kushoto vikaja vipovu vidogo kama vya soda kwa muda mrefu. Tuliporudia, kanyagio likapanda juu na kuwa gumu.

Jaribio la magurudumu lilitukamata. Tulipoamrisha la nyuma kulia, la nyuma kushoto ndilo lililoachia. Tulikuwa tumeyatia alama mabomba kwa kalamu ya wino, na mafuta ya breki yakazifuta. Tulibadilisha, tukatoa upepo tena, tukajaribu upya. Sasa kila moja linaitikia jina lake.

Leo asubuhi nimetafuta kipande kitupu chenye changarawe, nikaenda kilomita 30 kwa saa na kukanyaga mpaka chini. Kanyagio lilitetemeka chini ya mguu, gari likanyooka na kusimama. Taa zote zimezimika. Dereva wa Kituku, balbu yangu bado ipo mahali pake. Fundi wa Nguba, moduli ya zamani niifanyeje? Kijana anataka kuitupa.

Fundi wa Nguba (Bukavu)

Asiitupe. Zibeni matundu ya mafuta, muifunge kwenye mfuko na kunitumia kwa boti hiyo hiyo, nauli nitalipa mimi. Ninataka kuifungua nione maji yalipitia wapi.